Unahama mfumo wa kamera na kazi zinaendelea? Fanya hivi kabla hujauza hata lenzi moja

Maswali ni yale yale kila msimu. "Kaka nimechoka na Canon nataka kuhamia Sony, niuze vyote nianze upya?" "Lenzi zangu za Nikon zitaingia kwenye hiyo mpya?" "Mbona nimenunua bodi (kamera bila lenzi) afu studio naona giza tupu?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa naandika yote hapa, atakayeuliza tena namtumia hii.

Naongea na wewe unayekula kwa kamera hapa Arusha na Moshi, yani harusi, sendofu, kipaimara, mahafali, hoteli, watalii. Anayepiga kwa kujifurahisha anaweza kuhama hata kesho na akikosea hakuna kamati ya harusi itakayomtafuta. Mfano wangu mkubwa utakuwa wa mtu wa DSLR ya Canon, kamera yenye kioo ndani, anayeenda Sony maana ndo ninaoulizwa sana, wa Nikon nitawataja njiani.

Jambo la kwanza kabisa, nusu ya mnaoniuliza hamhitaji kubadili kampuni. Mnachotaka ni kutoka DSLR kwenda mirolesi, kamera isiyo na kile kioo cha ndani, na hilo unalifanya ukiwa kwenu huko huko. Canon walileta mlango mpya wa lenzi wa RF mwaka 2018, na adapta yao wenyewe inabeba lenzi za EF, zile za DSLR zao, vizuri tu, fokasi inafanya kazi kama kawaida, na betri zako za LP-E6N zinaingia kwenye bodi kama R6. Nikon nao walileta Z mwaka huo huo, na adapta yao ya FTZ inabeba lenzi za AF-S bila shida, ila zile za zamani za AF-D ambazo hazina mota ndani utazungusha fokasi kwa mkono. Kwahiyo kama una lenzi nzuri za 24-70 na 70-200 za Canon, kuzitupa zote sababu jamaa wa Njiro ananunua Sony, mimi sikuungi mkono. Ila kama umeshapiga hesabu na bado unahama, twende.

Kabla ya kuanza uwe na hivi:

- Orodha ya kila kitu ulichonacho, na sio bodi na lenzi tu. Flashi, triga (kifaa cha kuwasha flashi kwa mbali), betri, chaja, memori kadi, filta na kipenyo chake, betri gripu, waya wa laptopu, bamba la tripodi, mkoba wa mvua.
- Kalenda ya kazi zako miezi minne mbele
- Risiti za vifaa vya zamani kama bado unazo, na serial namba za bodi na lenzi zikiwa zimeandikwa pembeni
- Hela ya bodi, ya lenzi angalau moja ya kazi, ya betri tatu na kadi mbili. Yote kwa pamoja. Kama una ya bodi tu, subiri kwanza.
- Mtu mwenye mfumo unaouendea ambaye atakuazima au kukukodisha

Hatua ya 1: Andika kinachokusumbua

Kaa na karatasi, andika ni kazi gani kamera yako ya sasa inashindwa. Mfano, ukumbini usiku fokasi inaenda kwa mama mkwe nyuma badala ya jicho la bibi harusi. Au mlio wa shata kanisani wakati wa viapo na padri ameshakuangalia vibaya. Au wateja wanataka video na picha kwa bodi moja. Hizo ni sababu za kweli, mirolesi inakusaidia. Ila ukiandika "picha zangu hazina mvuto" basi hela hiyo nunua flashi na mwavuli, au lipia mafunzo ya mwanga, maana bodi mpya itakuletea picha zile zile zikiwa na faili kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mfumo mzima

Hapa ndo watu wengi wanaumia. Mfumo wa kamera ni kama kuoa, unachukua na ukoo wake. Chora safu mbili, kushoto nilichonacho, kulia kitakachochukua nafasi yake, afu kila mstari uwe na bei ya kweli uliyoulizia Kariakoo au kwa mtu anayeleta toka Dubai, pamoja na gharama ya kukifikisha hapa.

Vinavyosahaulika mara nyingi:

Betri. DSLR inakunyima vitu vingi ila betri inadumu. Nikon D850 imepimwa picha 1840 kwa chaji moja, Canon 5D Mark IV kama 900. Sony A7 III ukichungulia kwenye tundu lake imepimwa 610, na hiyo ndo moja ya zinazodumu. Ukipata A7 II ya mtumba kwa bei ya kutupa ujue inatumia betri ndogo ya NP-FW50, sio NP-FZ100 ya A7 III kwenda mbele, na hiyo ndogo inakwisha kabla bwana harusi hajaingia.

Memori kadi. 5D Mark IV yako ina tundu la CF, hizo kadi haziendi kokote. Bodi mpya zinataka SD ya kasi au CFexpress, na CFexpress zenyewe zina Type A na Type B, ukubwa tofauti haziingiliani. Sony wanatumia A, Nikon na Canon wanatumia B. Usimwambie muuzaji "nipe CFexpress" ukaishia hapo.

Flashi. Akili ya flashi ya Canon haiongei na Sony wala Nikon. Itawaka kwa manyuo (manual) kupitia ile pini ya katikati lakini TTL, yani kamera kupanga nguvu ya flashi yenyewe, hakuna. Habari njema kwa wenye Godox ni kwamba taa kama AD200 na AD600 hazijali kampuni, unabadili triga tu, ya Canon inaandikwa C mwishoni, Nikon N, Sony S. Hata V860II ya Canon unaweza kuiweka pembeni kwenye stendi iwe inapokea toka kwenye triga ya Sony na TTL ikafanya kazi. Kwahiyo usiuze flashi haraka, nunua triga.

Filta nazo angalia kipenyo, kama ni milimita 77 kote umepona.

Hatua ya 3: Elewa adapta kabla hujaitegemea

Nadharia kidogo tu hapa. Kutoka mlango wa lenzi mpaka sensa, ile sehemu inayonasa picha, kuna umbali maalum: Nikon F ni milimita 46.5, Canon EF 44, Canon RF 20, Sony E 18, Nikon Z 16. Lenzi iliyotengenezewa umbali mrefu inaweza kwenda kwenye bodi ya umbali mfupi, adapta inajaza ile nafasi. Kinyume chake haiwezekani, usiniulize tena kama lenzi ya RF itaingia kwenye 6D, haiingii.

Lenzi za Canon EF kwenda Sony kuna adapta nzuri kama Sigma MC-11 na Metabones. Kwa picha za kupozi, familia, vyakula vya hoteli, ziko vizuri kabisa. Kwa bibi harusi anayeingia akicheza na taa zinazima na kuwaka, au chui anayeshuka kwenye mti Seronera, fokasi inaanza kutangatanga hasa kwenye lenzi ndefu. Nikon F kwenda Sony ni ngumu zaidi, lenzi nyingi za F apecha yake (tundu la kupitisha mwanga) inasukumwa na kijiti cha chuma na adapta nyingi hazina cha kukisukuma.

Msimamo wangu: adapta ni daraja la kuvukia. Lenzi unayoitumia kwenye robo tatu ya kazi zako, kwa wengi ni 24-70, nunua ya mfumo mpya siku ile ile unayonunua bodi. Zingine zipite kwenye adapta mpaka hela ipatikane.

Hatua ya 4: Chagua msimu

Usihame Desemba. Narudia, usihame Desemba. Wachaga wamerudi nyumbani, Moshi nzima ni harusi na ubarikio, ukikosea hapo jina linasambaa Machame mpaka Rombo kabla ya mwaka mpya. Juni mpaka Septemba nako kama unapiga watalii acha. Muda mzuri ni Kwaresma na masika, Machi mpaka Mei, harusi za Wakatoliki zimepoa, mvua imeondoa magari ya safari, una muda wa kukaa na menyu mpya na chai yako.

Hatua ya 5: Azima au kodi, uingie nayo kazini kama kamera ya pili

Usinunue kwa kuangalia video za watu wa nje wanaopiga mitaa ya London mchana kweupe. Kodi bodi unayoitaka, nenda nayo kwenye sendofu moja, kamera yako ya zamani iko shingoni na ndo inayobeba kazi. Ile mpya ipe vitu vidogo: keki, meza, wageni, MC. Jaribu ukumbi wenye zile taa za rangi, jaribu nje jua kali, na angalia ngozi zetu zinatokaje, sio kwenye skrini ndogo, weka kwenye laptopu. Ngozi ya mtu mweusi sana kwenye mwanga mchanganyiko ndo mtihani wa kweli, na kila kampuni ina tabia yake ya rangi.

Ukitaka kujaribu fokasi ya kitu kinachokimbia huna haja ya kwenda Serengeti. Simama sehemu salama pembeni ya barabara piga bodaboda zinazokuja kwako. Ndege wa Ziwa Duluti pale Tengeru nao wanatosha sana.

Hatua ya 6: Nunua, na kama ni mtumba kagua

Bodi: omba picha moja ya JPEG iliyopigwa siku hiyo. Nikon inaandika idadi ya shata ndani ya faili lenyewe, kwa Canon mara nyingi unahitaji programu maalum. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone uchafu wa sensa. Fungua na funga tundu la kadi, chomeka chaja, bonyeza kila kitufe hata kama muuzaji anakuharakisha.

Lenzi: washa tochi ya simu upande mmoja chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi kama mizizi hao ni fangasi, achana nayo. Lenzi zilizokaa Dar na Zanzibar ziangalie mara mbili kwa hilo sababu ya unyevu.

Dai risiti ya EFD kama ni duka. Kama ni mtu binafsi andikishaneni, serial namba iwepo, nakala ya kitambulisho, na mkutane sehemu yenye watu. Asiyetaka kuandika jina lake kwenye karatasi usimpe hela yako, hata bei iwe tamu vipi.

Hatua ya 7: Fundisha vidole

Akili inajifunza menyu haraka, vidole ndo vinachelewa. Canon na Nikon wanazungusha zumu kinyume, na hata kufunga lenzi ni kinyume. Mtu aliyekaa na Canon miaka mingi akishika Nikon anavuta karibu wakati alitaka kwenda mbali, na ndafu imeshakatwa. MC hawezi kurudisha ndafu.

Fanya hivi: kabla hujagusa kitu kingine, panga vitufe vya bodi mpya vifanane na ya zamani kadri inavyowezekana. ISO iwe chini ya kidole kile kile, fokasi ya kitufe cha nyuma iwekwe kama ndo ulivyozoea, gurudumu la apecha lizunguke upande uleule, karibu bodi zote za kisasa zinaruhusu kugeuza. Afu hifadhi kwenye zile nafasi za 1, 2, 3 juu ya gurudumu: moja ukumbini na flashi, moja nje mchana, moja kanisani kimya kimya. Kila jioni fumba macho, badilisha lenzi, kadi na betri kwa kupapasa mpaka usifikirie.

Na vumbi jamani. Kwenye mirolesi ukitoa lenzi sensa iko hapo hapo mbele, hakuna kioo cha kuikinga. Zima kamera, mdomo wake uangalie chini, lenzi nyingine iwe tayari mkononi imeshafunguliwa kifuniko cha nyuma. Kuna bodi zinafunga shata zikizimwa ili kukinga vumbi, usiiguse hiyo shata kwa kidole ni nyepesi mno. Kwenye gari la safari Tarangire Septemba usibadilishe lenzi kabisa, beba bodi mbili. Na usiiache juu ya dashibodi bila kifuniko lenzi ikitazama jua, miale inachoma ndani.

Hatua ya 8: Piga na mifumo miwili kwa msimu mmoja

Kipindi hiki una ya zamani na mpya pamoja, na kuna vitu vitatu ukivisahau utalia wakati wa kuedit.

Saa. Linganisha saa za bodi zote mbili mpaka dakika, saa 24, ukanda wa +3, kabla ya kila kazi. La sivyo kwenye Lightroom, ile programu ya kuedit, bibi harusi atakata keki kabla hajafika kanisani.

Majina ya faili. Nikon inaanza na DSC_, Sony inaanza na DSC, Canon mara nyingi IMG_. Badilisha herufi za mwanzo kwenye menyu, weka za kwako, ujue picha imetoka bodi gani.

Rangi. White balance, yani urari wa rangi ya mwanga, usiache kwenye oto kwenye bodi zote mbili, weka namba moja ya Kelvin, mfano 5500 nje mchana. Piga kadi ya kijivu kwa kamera zote kwenye mwanga ule ule mwanzoni mwa tukio. Priseti (seti za rangi za kuedit) ulizonunua za Canon usizibandike kwenye faili za Sony ukategemea zifanane, tengeneza mpya kutokana na ile kadi.

Hatua ya 9: Uza kidogo kidogo

Anza na zile lenzi ambazo hujazigusa msimu mzima. Uza kimoja kimoja, furushi zima dalali atakukata. Usisubiri miaka lakini, maana Canon 1D X Mark III na Nikon D6 zilitoka 2020 na tangu hapo kampuni hizo hazijaleta DSLR nyingine mpya ya kazi, bei za mtumba zinashuka tu. Bodi moja ya zamani na lenzi moja, hata 50mm, zibaki kwenye begi kama akiba mpaka uwe na bodi mbili za mfumo mpya. Kabla ya kumkabidhi mtu, rudisha seti za kiwandani, futa waifai na jina lako kwenye menyu ya haki miliki, toa kadi.

Ukikwama

Studio naona giza kwenye skrini lakini flashi inawaka. Hili ndo swali namba moja. Mirolesi inakuonyesha picha itakavyokuwa bila flashi, na ukiweka f/8, 1/160, ISO 100 ndani ya chumba lazima iwe giza. Sony nenda Live View Display uzime Setting Effect, Canon tafuta Expo. simulation uzime, Nikon Z zima ile ya kuonyesha athari za seti zako kwenye skrini. Ukitoka nje rudisha.

Flashi haiwaki kabisa. Umeacha shata ya kimya toka kanisani. Kwenye bodi nyingi shata ya kielektroniki inazima flashi. Rudisha ya kimakanika, na spidi isizidi 1/200 kama hutumii HSS (flashi ya spidi kubwa).

Picha ina mistari mistari ya giza ukumbini. Taa za LED hizo pamoja na shata ya kielektroniki. Weka ya kimakanika, shusha spidi iwe 1/100 au 1/50 maana umeme wetu ni hezi 50, washa anti-flicker (kizuia kumetameta kwa taa) kama bodi inacho. Ukuta wa LED wa bei rahisi nyuma ya jukwaa unaweza kugoma hata hapo, cheza na spidi mpaka mistari ipungue.

Lenzi ya manyuo kwenye adapta, kamera haipigi. Bodi inadhani hakuna lenzi. Ruhusu kupiga bila lenzi kwenye menyu.

Fokasi kwenye adapta inayumba. Futa vile vidoti vya shaba kwa kitambaa kikavu, sasisha programu ya adapta na ya bodi, tumia nukta ya katikati. Ikiendelea lenzi hiyo sio ya kazi ya haraka, basi.

Lightroom haifungui faili. Lightroom 6 ile ya kununua mara moja iliacha kupokea kamera mpya mwishoni mwa 2017, kwahiyo hata A7 III ya 2018 haiijui. Pakua DNG Converter ya Adobe, ni bure, geuza faili zote kwanza ndo uingize.

Betri inakwisha nusu ya sherehe. Weka hali ya ndege, punguza mwanga wa skrini, iwe inajizima baada ya dakika moja, na kama bodi inapokea chaji ya USB-C ichomeke kwenye pawabenki wakati wageni wanakula. Wanaopanda mlima na wateja, betri za akiba ziwe ndani ya jaketi karibu na mwili, kule juu baridi inazimaliza hata kama hujapiga picha.

Kadi inasema haisomeki. Usiifomati hapo hapo ukumbini hata kama kamera inakuomba. Itoe, weka nyingine, endelea na kazi, hiyo utaishughulikia nyumbani na programu ya kuokoa faili. Na kadi iliyotoka kwenye Canon ifomati upya ndani ya Sony kabla ya tukio, ukishahakikisha picha za zamani umezihamisha sehemu mbili.